Je, Mguu Una Haki ya Kulalamika?

Swali tuliloliandika hapo juu laweza kuonekana kama mchezo wa watoto. Twaomba mlivumilie kidogo, kwa kuwa lilituaibisha sisi tulio walimu, na mambo tuliyojifunza kwa sababu ya aibu ile twaona yatafaa kwa wengine pia.

Katika shule moja tuliyofundisha, maji yalitekwa bondeni, na kilima chake ni kikali. Zamu ya kuteka ilikuwa ya watoto wote. Lakini wakubwa walipata kila siku sababu ya kuachwa, na mzigo ukawaangukia wadogo. Siku moja wadogo walinung'unika. Nasi, badala ya kwenda kuitazama zamu, tuliwapa somo. Tulichora mwili wa mtu ubaoni, tukasema: "Tazameni. Kichwa kimewekwa juu ili kiamuru; miguu imewekwa chini ili itii. Je, mmepata kusikia mguu ukiuliza kwa nini uubebe mwili?" Darasa likanyamaza, tukajiona tumeshinda. Ndipo msichana mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono, akasema: "Mwalimu, mbona mwiba ukiingia mguuni, kichwa nacho hakilali?" Wenzake wakacheka. Tukamwambia akae.

Siku ya nne baada ya somo lile, mvulana mmoja katika wale wadogo hakuweza kusimama katika mstari. Alikuwa amechomwa mwiba alipokuwa akipanda na debe la maji. Ukakatikia ndani, naye akanyamaza, akaendelea kuteka. Tulipomwuliza kwa nini hakusema, alijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, ulisema mguu hauulizi." Unyayo ulikuwa umevimba, mtoki umemtoka kinenani, na mwili wote wawaka homa. Tulimbeba hata zahanati, akatibiwa, na baada ya majuma matatu alitembea tena. Mguu wake ulipona, lakini neno lake halijatutoka.

Basi tangu siku ile tumejitahidi kujua jinsi mwili unavyofanya kazi kwa kweli, wala si jinsi tulivyouchora ubaoni. Na kwa kuwa mwiba ndio uliotufundisha, na tuufuate mwiba.

Mtu akikanyaga mwiba, habari hupita katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye uti wa mgongo. Hapo, kabla ya mtu kujua ni nini kilichomchoma, uti wa mgongo huiamuru misuli ya mguu ule ijikunje, na mguu huinuka. Wakati uo huo huiamuru misuli ya mguu wa pili ikaze, ili mwili usianguke. Maumivu yenyewe huja nyuma kidogo, mguu ukiwa umekwisha kuondolewa. Angalieni basi: kiungo cha chini kabisa kimelia, kimesikiwa, na mwenzake amechukua mzigo wake, wala kichwa hakijaitisha baraza. Kama mwili ungengoja amri ya kichwa, mwiba ungezidi kuingia ndani.

Kisha huja damu. Mshipa mdogo uliotobolewa hujibana. Chembe za kugandisha damu hushikamana penye tundu, na vitu kama nyuzi nyembamba husukwa juu yake mpaka tundu likazibwa. Mali ya kusukia nyuzi hizo hutengenezwa katika ini, lililo mbali na unyayo wala halijapata kukanyaga njia hata siku moja. Ikiwa vijidudu vimeingia pamoja na mwiba, mishipa midogo ya mahali pale hupanuka, na mahali huvimba na kupata moto. Chembe nyeupe za damu hutoka nje ya mishipa na kuingia vitani. Hizo huzaliwa katika uboho, ndani ya mifupa, na nyingi hufa pale pale. Usaha tuuonao una mizoga yao mingi. Vijidudu vikipita hapo, hukutana na walinzi wengine katika tezi za kinena. Tezi hizo zikivimba twaziita mtoki, na wazee wetu walijua tangu kale kwamba mtoki waweza kuwa ni habari ya kidonda cha mguu. Vita ikizidi, ubongo huagiza joto la mwili wote lipande, moyo hupiga mbio, mapafu huvuta pumzi upesi, hamu ya chakula hupotea, na mtu hutaka kulala. Watu wote wa nyumba wameacha shughuli zao kwa ajili ya kijiti kidogo kilichoingia unyayoni.

Hivyo yule msichana alisema kweli, nasi tuliosoma vitabu tulikosa.

Labda msomaji atauliza: Je, hakuna wakubwa mwilini? Wapo. Lakini tukiwatazama kwa karibu twaona ukubwa wao si kama tuudhaniavyo. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, yaani kiasi cha sehemu 2 katika 100 za mwili. Nao hutumia kiasi cha sehemu 20 katika 100 za oksijeni, hata mtu akipumzika. Tena hauna akiba. Damu isipoufikia kwa muda wa sekunde 10 hivi, mtu huzimia. Dakika chache zikipita, ubongo huanza kuharibika. Mkono uliofungwa damu isipite waweza kustahimili saa nzima. Basi huyu tumwitaye mtawala ndiye awezaye kungoja kwa muda mfupi kuliko wote, na ndiye awategemeaye wengine zaidi.

Tutazame na moyo. Mwaka 1628 daktari Mwingereza, William Harvey, alionyesha katika kitabu chake kwamba damu huzunguka, ikitoka moyoni na kurudi moyoni. Moyo hupiga kiasi cha mara 100,000 kila siku, na mtu akiwa ametulia husukuma lita 5 hivi kila dakika. Damu yote hupita katika vyumba vyake. Lakini nyama ya moyo haijilishi kwa kujichotea tu katika damu ipitayo vyumbani. Mishipa yake ya kuulisha huchipuka nje, katika mshipa mkubwa utokao moyoni, na fungu lake ni kiasi cha sehemu moja katika 20. Mwenye funguo za ghala hupimiwa chakula chake kama watu wengine. Mishipa hiyo ikizibwa, moyo waweza kufa hali umejaa damu.

Na wale tuwaonao kuwa wadogo je? Figo twazidhania kuwa ni wafagiaji tu, kwa kuwa hutoa mkojo. Kumbe kila siku huchuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu, na karibu yote huyarudisha, zikatoa lita moja au mbili tu. Tena zina kazi nyingine isiyojulikana na wengi. Damu ikipungukiwa na oksijeni, figo huona, nazo hupeleka habari kwenye uboho, ili mifupa izae chembe nyekundu zaidi. Uboho wa mtu mzima huzaa kiasi cha chembe milioni 2 za namna hiyo kila sekunde. Kwa hiyo figo zikiharibika kabisa, mtu hupungukiwa na damu ijapokuwa mifupa yake ni mizima. Mfagiaji ndiye aliyekuwa akimpasha mhunzi habari kwamba majembe yamepungua.

Mfano wa mwili ni wa kale sana, wala si sisi wa kwanza kuutumia kuwanyamazisha watu. Mwaka 494 kabla ya Kristo, kama wasimulizi wa kale wanavyoandika, watu wa kawaida wa mji wa Roma, waliolemewa na madeni na kuchoshwa na vita, waliuacha mji, wakaenda kukaa mlimani. Wakuu wakaogopa, wakampeleka mtu mmoja aliyejua kusema na watu, jina lake Menenius Agrippa. Huyo akawapa hadithi: hapo kale viungo viliasi, vikasema, "Sisi twafanya kazi, na tumbo lakaa katikati likila." Mikono ikakataa kupeleka chakula, kinywa kikakataa kupokea, meno yakakataa kutafuna. Lakini walipotaka kulishinda tumbo kwa njaa, wao wenyewe walikonda, wakatambua kwamba tumbo nalo latumika, kwa maana ndilo liwagawialo nguvu wote.

Hadithi hii ni nzuri, na kwa habari ya mwili ina kweli ndani yake. Lakini wengi waisimuliao huukata mwisho wake. Watu wale hawakurudi mjini kwa kushibishwa hadithi. Walifanya mapatano, wakapewa watetezi wa kuwasemea, na mtu aliyewadhuru watetezi hao alihesabiwa kuwa amelaaniwa. Yaani mguu ulipewa ulimi, na ulimi ule ukalindwa. Naye Mtume Paulo, alipowaandikia Wakristo wa Korintho, aliushika mfano wa mwili, lakini aliuelekeza upande mwingine, kwa viungo vidhaniwavyo kuwa dhaifu, ili vipate kutunzwa. Sisi ubaoni tulikuwa tumeshika nusu ya mfano, ile nusu ituleteayo raha.

Hata hivyo, haki yatutaka tuseme na lile lililo upande wa wakubwa. Mtu akikatwa kwa panga, akapoteza damu nyingi, mwili huibana mishipa ya ngozi, ya utumbo na ya figo, ili damu iliyosalia ifike kwenye moyo na ubongo. Ndiyo sababu mikono ya majeruhi huwa baridi, na mkojo wake hupungua. Je, ni dhuluma? Hapana; ubongo ukifa leo, mkono hautaishi kesho. Basi iko saa ambayo wadogo hupunguziwa kwa haki, kama vile mwaka wa njaa baba awapavyo watoto mbegu kidogo za kula, na nyingine akazificha za kupanda.

Lakini angalieni masharti mawili. Kwanza, jambo hili ni la muda mfupi. Likiendelea, figo hufa, ukuta wa utumbo huharibika, vijidudu na sumu hupenya ndani, na wale waliookolewa kwanza huangamia mwisho. Pili, tabibu aonaye mikono baridi hasemi, "Vema, mikono imetii." Huhesabu ubaridi ule kuwa ishara ya hatari, wala hastareheki mpaka mikono ipate joto tena. Kwa hiyo mkubwa asemaye kwamba wadogo hawana budi kupungukiwa, na tumwulize maswali mawili: Mpaka lini? Na je, wewe wapapasa mikono yao kujua kama imepata joto?

Sasa twafika kwenye kiini cha neno letu. Watu wengi hudhani kwamba mwili wenye amani ni ule usiolia. Waliowatunza wenye ukoma wajua kwamba sivyo. Mwaka 1873 daktari wa Norwe, Armauer Hansen, aliviona vijidudu vya ugonjwa huo, ambavyo hushika hasa ngozi na mishipa ya fahamu. Kwa muda mrefu watu walisema kwamba ukoma wenyewe hula vidole, na wengine hata leo husema hivyo. Daktari Paul Brand, aliyeanza kazi yake Vellore katika nchi ya India mwaka 1946, aliichunguza mikono na miguu ya wagonjwa, akaonyesha kwamba madhara mengi yatokana na majeraha yasiyosikiwa. Mtu hushika sufuria ya moto asiiachilie. Hukanyaga msumari asichechemee. Hulala hali kidonda kikizidi. Mkono wake hauna ugomvi na kichwa, hauombi kitu, haulalamiki, na siku kwa siku unapotea.

Ukoma sasa hupona kwa dawa kadhaa zitumiwazo pamoja, kama Shirika la Afya Ulimwenguni lilivyoagiza tangu mwaka 1981, na mtu aonaye baka lenye ganzi katika ngozi yake asichelewe kwenda kwa waganga wa hospitali. Lakini ganzi iliyokwisha kukaa mara nyingi haiondoki. Kwa sababu hiyo wagonjwa hufundishwa jambo moja: kila siku waketi mahali penye mwanga, wazitazame nyayo zao kwa macho, na viatu vyao wavipapase ndani, wasije wakatembea juu ya kijiwe. Kazi iliyokuwa ya maumivu sasa hufanywa na jicho, kwa kusudi na kwa bidii.

Msomaji mwenye busara aweza kutupinga hapa. Atasema: "Mwalimu, ukiwafungulia watu mlango wa kulalamika, kila mtu atavuta kwake, na mji utavunjika." Hofu hii si ya bure, kwa kuwa mwilini pia wapo wavutao kwao. Iko saratani. Chembe moja huacha kusikia habari za wenzake. Ikiambiwa basi, haiachi kuzaa; ikitakiwa kufa kwa wakati wake, haifi. Huvuta mishipa ya damu ije kuilisha, huingia mahali pa wengine, na mwisho huuua mwili, nayo ikafa pamoja nao. Lakini tuangalie jambo la kutisha: mara nyingi saratani katika mwanzo wake haina maumivu. Haipigi kelele. Hula kimya kimya, na mtu hujisifu kwamba ni mzima.

Basi tusichanganye watu wawili. Mguu uliao hutaka upone, ili uubebe mwili tena. Saratani haitaki lolote kwa mwili ila chakula. Mtoto aliyesema, "Mwalimu, mzigo ni mzito," alikuwa mguu. Wale wakubwa waliojificha nyuma ya nyumba saa ya zamu, wakayanywa maji yaliyotekwa na wengine, hawakusema neno, na kwa ajili ya kimya chao tuliwaita wenye adabu. Tulimkemea aliyeumia, tukamsifu aliyekula.

Tukirudi sasa kwenye swali letu, twajibu hivi. Mguu una haki ya kulalamika. Na zaidi ya haki, kulalamika ni sehemu ya kazi yake, kama ilivyo kazi yake kutembea. Mguu ukinyamaza juu ya mwiba, umeudanganya mwili wote. Na kichwa, kikiwa kweli ni kichwa, heshima yake ni kuwa mahali pa kufikia habari za wote. Kichwa kisichoumwa na mwiba wa mguuni hakijawa mfalme, kimekatika shingoni.

Lakini neno la mwisho twalielekeza kwetu sisi wenyewe, na kwa kila mtu aliye na watu chini yake, akiwa mwalimu, mzee wa kanisa, jumbe, au baba mwenye nyumba. Wako watu ambao kwa hofu, au kwa adabu, au kwa kuzoea, wamekwisha kupata ganzi. Hao tusiwangoje walie. Mtu mwenye ganzi hutazamwa nyayo zake kila siku.

Katika shule ile tuliiandika zamu upya, majina yote katika karatasi moja, na jina la mwalimu likiwamo. Tuliposhuka bondeni mara ya kwanza na debe letu, tuliona kwamba ile njia tuliyoiita fupi ilikuwa imejaa miiba upande wa mtoni, hata mtu mzima hana pa kukanyaga. Watoto walikuwa wakiipita kila siku. Tuliifyeka siku iyo hiyo. Na tangu hapo, kabla ya watoto kwenda zao jioni, huketi barazani wakanyoosha miguu, nasi hupita tukizitazama nyayo moja moja. Yule msichana ndiye aliyepewa kazi ya kuishika taa.